Majibu kwa Wanaosema Linux Haitufai

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Habari hiyo ilipita kimya kwenye maduka ya laptopu used hapa Dodoma, ingawa wateja wa maduka hayo ndio inaowagusa zaidi. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na nyingine za rika hilo, zilizomaliza kazi katika ofisi za nje kisha zikaletwa huku, zina prosesa za Intel za kizazi cha sita. Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu ni nzima, kioo safi, kibodi haina tatizo, lakini mwenye mfumo ameikataa. Kwa wenye leseni halali, Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama kwa atakayejiandikisha, hadi Oktoba 2026.

Wenye laptopu za namna hiyo mimi nawashauri wahamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hasa toleo lake la Linux Mint, na nimesaidia wengi kuhama. Kabla ya kukubali, karibu wote hunipa hoja zilezile. Nyingine si kweli kabisa. Nyingine zina ukweli nusu, na hizo ndizo zinazostahili jibu refu.

“Windows naipata bure, fundi ananipigia”

Anayesema hivi anasema alichokiona. Amepeleka laptopu kwa fundi, ameacha hela kidogo, jioni amerudi nayo nyumbani ikiwa na windo mpya, Office na programu nyingine ambazo hata hakuziomba. Asichoelezwa ni namna windo hiyo ilivyoamshwa. Fundi hana leseni. Ana kiprogramu kwenye flashi kinachoidanganya Windows ijione imelipiwa, na ili kifanye kazi inambidi kwanza azime antivairasi, kisha aache folda fulani isikaguliwe tena. Laptopu inaondoka dukani bila ulinzi, na fundi mwenyewe hajui kilichomo ndani ya kiprogramu hicho, maana naye alikipakua kwa mtu asiyemfahamu. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki.

Matokeo yake nenda ukayaone kwenye steshenari za Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwanafunzi amekuja kuprinti ripoti yake ya field. Dada wa steshenari anachomeka flashi, kila folda ina kimshale kidogo pembeni, anabofya na hakifunguki kitu. “Kaka, flashi yako ina virusi, mafaili yote yameondoka.” Hayajaondoka. Virusi vya aina hiyo huyaficha mafaili halisi na kuweka shotikati mahali pake, na kubofya shotikati ndiko kunakoiambukiza kompyuta. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye kompyuta yenye Linux. Shotikati zinaonekana kama vifaili vidogo visivyoweza kuendesha chochote, na kando yake folda halisi zipo zote, wakati mwingine zimefichwa ndani ya folda isiyo na jina. Unazinakili, unaformati flashi, unaprinti ripoti. Kila steshenari inayopokea flashi za watu kutwa nzima ingekuwa na kompyuta moja tu ya Linux kwa kazi hiyo, tungeacha kuona wanafunzi wakiandika ripoti upya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Kwa hiyo windo ya fundi ina gharama. Unailipia kila inapopigwa upya, na inapigwa upya mara kwa mara kwa sababu ya namna ilivyopigwa mara ya kwanza.

“Linux ni ya mainjinia, ni skrini nyeusi ya kuandika amri”

Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, hoja hii ingekuwa sahihi. Leo fungua Mint: kitufe cha menyu kipo chini kushoto, saa ipo chini kulia, mafaili yanakaa kwenye folda za Documents, Downloads na Pictures. Aliyezoea Windows 7 haulizi chochote kwa nusu saa ya kwanza. Na huna haja ya kuniamini. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye laptopu yako. Kwenye HP unawasha huku unabonyeza Esc, kisha F9. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Unachagua flashi, unaingia, unasikiliza muziki, unajaribu Wi-Fi, unafungua dokumenti zako. Ukizima na kuchomoa flashi, windo yako iko palepale ilipokuwa.

Hofu ya skrini nyeusi, kwa kweli, tunaipanda sisi tunaoijua Linux. Mtu anauliza namna ya kuweka VLC, nasi tunamtumia mstari wa amri kwa WhatsApp kwa sababu kwetu ndiyo njia fupi. Anaubandika, anaambiwa aweke nywila, anaandika, na hakuna kinachotokea kwenye skrini, hata nukta moja. Anadhani kibodi imekufa, anafunga kila kitu. Ubuntu, toleo jingine la Linux, kwa miaka mingi imekuwa ikificha nywila namna hiyo kwa ajili ya usalama. Wenzetu wa Mint walimfikiria anayeanza, wakaweka nyota zionekane anapoandika. VLC nayo ipo kwenye Software Manager: unaitafuta kwa jina, unabofya, inakaa. Anayeanza anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuigusa terminali, ile skrini nyeusi, na akimaliza hivyo hajapungukiwa na kitu.

“Msimamizi wangu anataka Word”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Dodoma ni mji wa vyuo. Kuna UDOM, St John's, Chuo cha Mipango, CBE. Maelfu ya watu wanaandika kitu kitakachosomwa na mtu mwingine na kurudishwa na maoni pembeni. Wakishindwa hapo, hakuna hoja ya uhuru wa programu itakayowashawishi.

Anayehama hukwama kwa namna hii. Anaandika sura ya kwanza kwenye LibreOffice Writer, anasevu, anaituma. Msimamizi anajibu kwamba faili halifunguki vizuri. Linux inalaumiwa. Kilichotokea ni kwamba LibreOffice husevu kwa muundo wake wenyewe wa ODT usipoielekeza vingine. Mimi nikimwekea mtu Linux, kabla hajaandika hata neno moja naingia kwenye mipangilio, sehemu ya Load/Save, nabadilisha muundo wa kawaida uwe wa Word, yaani DOCX. Ni kazi ya dakika moja, na wengi wanaowasaidia wenzao huisahau.

La pili ni fonti. Vyuo vyetu vinataka Times New Roman 12. Linux haiji nayo kwa sababu ni mali ya watu, lakini inakuja na Liberation Serif, ambayo herufi zake zimepimwa zipate upana uleule wa Times New Roman. Mistari inakatika palepale, na ukurasa wa 47 unabaki wa 47. Calibri na Cambria nazo zina mbadala wa vipimo hivyohivyo, Carlito na Caladea. Anayetaka Times New Roman yenyewe, kuna kifurushi cha kuishusha bure.

Maoni ya pembeni ya msimamizi yanaonekana kwenye Writer, na unayajibu. Mabadiliko aliyoyapiga rangi unayakubali au kuyakataa. Yaliyomo yanajijenga yenyewe ukitumia mitindo ya vichwa vya habari, jambo ambalo hata watumiaji wengi wa Word hawalifanyi. Kinachoweza kuharibika ni majedwali yaliyobanwa kwa nguvu na picha zilizowekwa juu ya maandishi. Sikatai hilo. Ndiyo maana rasimu hutumwa kwa DOCX, na nakala ya mwisho hutumwa kwa PDF, ambayo haibadiliki popote ifunguliwapo.

SPSS, programu ya takwimu, ndiyo hoja nzito zaidi, na nitaisema wazi. Kama idara yako inadai SPSS na mafunzo yote ni ya SPSS, usihame katikati ya utafiti. Mafaili yake ya SAV yanafunguka kwenye PSPP, mbadala wake wa bure, na kwa hesabu za wastani, mgawanyo wa majibu, uhusiano na rigresheni za kawaida PSPP inatosha. Iko pia jamovi, yenye meza na menyu zinazoeleweka haraka, na ndani yake kuna R inayofanya hesabu. Lakini msimamizi atakayetaka kuona majedwali yanayofanana herufi kwa herufi na ya kitabu chake cha SPSS ana haki ya kuyataka, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana muda wa kubishana naye. Amalize, ahitimu, ndipo ahame.

Kwa wanaosomea ardhi na mipango hali ni nzuri kuliko wanavyodhani. QGIS, programu huria ya ramani, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, inafanya sehemu kubwa ya kazi wanazofundishwa kwa ArcGIS, na mradi wa Ramani Huria uliochora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko uliitegemea pamoja na OpenStreetMap. AutoCAD na ArchiCAD hazina toleo la Linux. Mchoraji wa majengo anayeishi kwa ArchiCAD simshauri ahame.

“Kazi za Serikali hazifanyiki kwenye Linux”

Katika mji wenye watumishi wengi kama huu, ningependa hoja hii ifutike. Fikiria kazi za Serikali ambazo mtu anazifanya kwenye kompyuta. Kuomba kazi Ajira Portal, kuangalia hati ya mshahara, kuomba likizo kwenye ESS, mfumo wa watumishi, kutafuta zabuni kwenye NeST iliyochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, mwalimu kusajili watahiniwa NECTA, mfanyabiashara kupata namba ya malipo. Zote zinafunguka kwenye brauza. Firefox na Chrome za Linux ni zilezile za Windows, na mfumo wa upande wa pili haujali wewe umekaa juu ya nini.

Wanaofanya kazi zahanati tayari wanatumia programu huria. Takwimu za vituo vya afya nchini zinakusanywa kwa DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kugawiwa bure. Muuguzi wa Chamwino au Bahi anayeingiza idadi ya chanjo kila mwezi anafanya kazi kwenye programu huria, iwe ameambiwa au hajaambiwa.

Hata hivyo kompyuta ya ofisi ya umma si yako. Usiiwekee mfumo mwingine bila idhini ya maofisa TEHAMA wa taasisi. Ninayoyasema hapa ni kwa laptopu yako binafsi.

“Kitu cha bure hakina mwenyewe”

Simu ya Android iliyoko mkononi mwa anayesema hivyo inaendeshwa na kiini cha Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zinazoorodheshwa mara mbili kwa mwaka, zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. IBM ilitoa dola bilioni 34 mwaka 2019 kuinunua Red Hat, kampuni iliyojijenga kwa kuuza huduma juu ya programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Wenyewe wapo, tena wanalipwa na kampuni kubwa zinazohitaji Linux ifanye kazi vizuri, na wewe unafaidi kazi hiyohiyo. Mint ni kikosi kidogo kilichoanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, kinachoishi kwa michango na wadhamini. Toleo la 22, la Julai 2024, litahudumiwa hadi mwaka 2029. Laptopu ya kizazi cha sita iliyokataliwa na Windows 11 ina miaka hiyo yote mbele yake.

“Itakula bando”

Faili la kuwekea Mint lina takriban GB 3, na halihitaji kushushwa na kila mtu. Mmoja akilishusha kwenye Wi-Fi ya chuo, wengine wanalinakili kwa flashi, na leseni yake inawaruhusu. Baada ya hapo Mint inakuonyesha masasisho yaliyopo na ukubwa wake, kisha inakusubiri uamue. Aliyewahi kuwasha hotspot ya simu ili atume barua pepe moja, Windows ikamaliza bando lote kwa masasisho asiyoyaomba, anaelewa kwa nini hilo ni jambo la maana.

“Haina Kiswahili”

Inacho, ila si kamili, na mimi hilo linaniuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi: wataalamu wa lugha na wa kompyuta walikaa, wakatafsiri, wakatoa. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. LibreOffice ya leo ni mjukuu wa OpenOffice ile, na Kiswahili chake kinasubiri watu wa kukimalizia. Mwanafunzi wa Kiswahili wa UDOM anaweza kuanza jioni hii, akatafsiri menyu ishirini, na jina lake likaingia kwenye orodha ya waliochangia. Kwenye Windows hana nafasi hiyo. Kwa sasa anayeanza atatumia menyu za Kiingereza kama alivyozitumia siku zote, kwa hiyo kuhama hakumpunguzii kitu.

“Ikiharibika, fundi gani ataitengeneza?”

Katika hoja zote, hii ndiyo inayowarudisha watu Windows, na wanaorudi siwalaumu. Fundi wa mtaani akiona nembo asiyoijua anatoa jibu moja tu: “Hii tupige windo.” Ndani ya saa moja kila kitu kimefutwa, pamoja na picha za familia.

Si kwamba Linux inaharibika sana. Tatizo ni la kwetu. Laptopu nyingi hapa betri zimekufa, zinaishi kwa chaji tu. Umeme ukikatika wakati masasisho yanaendelea, mfumo unabaki nusu. Kuna dawa: Mint inakuja na Timeshift, inayopiga picha ya mfumo na kuurudisha ulivyokuwa jana. Lakini haijiwashi. Mtu anayekuwekea Linux akaondoka bila kuiwasha Timeshift amekuachia kazi nusu.

Ndiyo maana nasema kumwekea mtu Linux ni sehemu ndogo ya msaada. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Siku ya tatu printa inagoma. Siku ya tano mtoto ameleta flashi ya filamu na sauti haitoki. Siku ya tisa Wi-Fi haionekani kwa sababu kadi ni ya Broadcom, na tiba yake ni kuchomeka simu kwa waya, kuwasha USB tethering, kisha kufungua Driver Manager na kubofya mara moja. Hakuna gumu hata moja kati ya hayo kwa anayejua, na kila moja linatosha kumkatisha tamaa asiyejua. Akiwa na namba ya kupiga, na upande wa pili kuna mtu anayepokea na kusema “Mama, usizime, nieleze unaona nini”, atabaki. Vijana wanaoijua Linux wapo CIVE, koleji ya TEHAMA ya UDOM, wanajifunza kuendesha seva kwayo. Wachache wao wakikubali kukaa na mafundi wa mjini na kuwafundisha haya machache, mafundi watapata kazi mpya ya kulipwa: kuongeza RAM, kuweka SSD, kuhamisha mafaili, kuweka Mint, kumfundisha mteja kwa saa mbili. Laptopu ya kizazi cha sita yenye SSD na GB 8 za RAM inawaka upesi sana, na mteja wa namna hiyo analeta ndugu zake.

Na hoja mbili za upande wetu

Wapenzi wa Linux nao wana maneno yanayohitaji kusahihishwa. La kwanza ni kwamba Linux haina virusi. Virusi vya Windows haviendi kwake, hiyo ni kweli, na programu zake hutoka kwenye hazina inayokaguliwa, ambayo ni salama kuliko kupakua hovyo. Lakini tovuti ya uongo inayoomba nywila ya benki inaiba kwa mtu wa Linux sawasawa na wa Windows, na amri uliyoibandika bila kuielewa inaweza kufuta kila ulichonacho.

La pili ni “mfutie Windows leo, atazoea”. Neno hili limetupotezea watu wengi. Anza na programu. Mwekee LibreOffice, Firefox na VLC juu ya Windows yake, azitumie mwezi mzima. Nakili mafaili yake yote kwenye diski ya nje, na uhakikishe yanafunguka. Jaribu printa yake kutoka kwenye flashi ya Mint kabla ya kugusa diski: HP nyingi zinajitambulisha zenyewe, Epson za matanki nazo zinakwenda vizuri, lakini baadhi ya Canon LBP zinadai draiva ya kushusha kutoka kwa Canon, na ni bora kulijua hilo kabla mwenye steshenari hajapanga foleni ya wateja. Ukiiacha Windows ikae pamoja na Linux kwa muda, ingia kwanza uzime Fast Startup, la sivyo Linux itaikuta diski ya Windows imefungwa na mafaili yake hayataandikika.

Na kuna wa kuachwa walivyo. Mama mwenye duka la jumla Majengo, ambaye hesabu zake za miaka zimo ndani ya Tally na mhasibu wake anaijua Tally peke yake, simgusii kompyuta. Namwekea Firefox, namkatia leseni halali ya antivairasi, namwonyesha namna ya kuhifadhi nakala ya hesabu zake kila Ijumaa. Laptopu ya mwanawe anayesoma UDOM ndiyo ninayoichukua.